Plastiki ‘inayooza’ haiozi popote unapoitupa

MIFUKO ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini Kenya Agosti 28, 2017. Huenda nawe umepata kuuziwa sahani au kikombe kilichoandikwa kuwa ni cha plastiki inayooza. Kabla ya kukitupa mtaroni ukidhani mvua na jua vitakimaliza, ni vyema ufahamu kazi hiyo hufanywa na nani.

Plastiki ni mnyororo mrefu wa chembechembe zilizoshikana. Bakteria na kuvu hawawezi kuumeza mzima. Kwanza hutoa vimeng’enya ambavyo huukata vipande vipande, kama vile vimeng’enya vya tumboni mwako vinavyovunja mafuta ya chakula. Vipande vikishakuwa vidogo sana, vijidudu huvifyonza na kuvila. Mwishowe hubaki maji, gesi ya kaboni na vijidudu walioongezeka. Pasipo hewa, hutoka pia gesi ya methani.

Lakini plastiki hizi hazifanani. Iitwayo PHB hutengenezwa na bakteria wenyewe kama akiba ya chakula, jambo lililogunduliwa na Mfaransa Maurice Lemoigne mwaka wa 1926. Kwa kuwa ni chakula chao, bakteria wa udongoni huila bila taabu.

Nyingine ni PLA, inayotokana na sukari ya mahindi au miwa. Hii huhitaji unyevu na joto la karibu nyuzi 60, kama lile la viwanda vya mboji. Joto na maji huukatakata mnyororo kwanza, ndipo vijidudu wakala. Mtaroni au baharini hakuna joto hilo, hivyo kikombe chako kinaweza kukaa miaka.

Hapo ndipo afya yako inapoingia. Kikombe kilichotupwa hutega maji ya mvua, na mbu aenezaye homa ya dengue huzaliana humo. Ukikichoma nyuani, moshi wake huumiza mapafu, hasa ya watoto.

Jihadhari pia na plastiki ya kawaida iliyotiwa dawa ya kuifanya ivunjike. Mara nyingi hugeuka chengachenga tu, ambazo huingia udongoni na majini. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku bidhaa za aina hiyo mwaka wa 2021.

Ufanyeje basi? Soma maandishi kwa makini. Alama EN 13432 humaanisha kwamba bidhaa imepimwa katika hali ya kiwanda cha mboji, na asilimia 90 yake hugeuka gesi ya kaboni kwa muda usiozidi miezi sita. Haimaanishi itaoza shambani mwako. Ikiwa hakuna kiwanda kama hicho karibu nawe, ni heri ubebe kiondo chako na kikombe cha kuosha.