Bwana Mifugo Akiwa Binti Yako

“Niuze ng’ombe ili mtoto akasomee ng’ombe?” Hilo ndilo jibu ambalo akina mama wengi hukutana nalo wanapoleta habari nyumbani kwamba binti aliyemaliza kidato cha nne anataka kwenda chuo cha mifugo. Watu hucheka, na mazungumzo huishia hapo. Lakini swali hilo linastahili jibu. Katika mkoa wa Simiyu, ambako pamba na ng’ombe ndizo nguzo za nyumba, kutoa ng’ombe zizini si jambo dogo. Tena wapo wanaohesabu kwamba binti huyo huyo, akiolewa sasa, ataleta ng’ombe wa mahari. Hebu tulitazame jambo hili pamoja, ndugu msomaji.

Kazi iliyo mikononi mwa mama

Tukisema mifugo ni mali ya baba, tunasahau ni nani anayeshinda nayo. Ng’ombe huenda malishoni, lakini kuku, mbuzi wa nyumbani na ndama aliyefungwa mtini kwa kuumwa hubaki na mama. Maziwa yakishafika jikoni ni yake. Kwa hiyo ugonjwa wa mnyama humfikia yeye kwanza.

Mfikirie mbuzi aliyetupa mimba. Nani huondoa kondo la nyuma? Mara nyingi ni mama, kwa mikono mitupu, pengine akiwa mjamzito. Ugonjwa wa kutupa mimba huambukiza binadamu kwa njia hiyo, na pia kwa maziwa yasiyochemshwa. Homa yake huja na kuondoka, viungo huuma, na mgonjwa hutibiwa malaria mara kwa mara bila nafuu.

Mfikirie pia ng’ombe aliyekufa ghafla, damu nyeusi isiyoganda ikimtoka puani. Hicho huenda kikawa kimeta. Anayejua hatakubali mzoga upasuliwe wala nyama igawanywe, kwa sababu vijidudu vyake huua watu na huweza kukaa udongoni kwa miaka mingi. Mtu mmoja mwenye ujuzi huo akiwa karibu, boma zima limepona.

Chuoni hufundishwa nini?

Serikali ina Wakala wa Vyuo vya Mafunzo ya Mifugo, unaojulikana kwa kifupi kama LITA. Kampasi zake ziko Tengeru, Buhuri, Mpwapwa, Morogoro, Temeke, Madaba, Kikulula na Mabuki. Kwa watu wa Bariadi, iliyo jirani ni Mabuki, wilayani Misungwi, mkoa wa Mwanza. Unaweza kupita Maswa hadi Mwigumbi, kisha ukashika barabara kuu inayotoka Shinyanga kwenda Mwanza. Vipo pia vyuo vya watu binafsi.

Masomo ya afya ya mifugo na uzalishaji hupangwa kwa ngazi. Mwanafunzi wa kidato cha nne huanza ngazi ya nne, huendelea ya tano, na akimaliza ya sita hupata stashahada. Kwa kawaida kila ngazi ni mwaka mmoja. Wanaotaka kujiunga huangaliwa zaidi ufaulu wao katika sayansi, hasa Biolojia na Kemia. Ndiyo maana tunawasihi wazazi wenye mabinti walio kidato cha pili: msimwache mtoto aiache Kemia kwa sababu tu ameambiwa ni somo la wavulana.

Huko chuoni binti hujifunza viungo vya mnyama na kazi zake, magonjwa, minyoo na kupe, dawa na vipimo vyake, malisho, ukaguzi wa nyama na jinsi ya kumwelimisha mfugaji. Hujifunza pia uhimilishaji, yaani kumpandisha ng’ombe kwa mbegu za dume zilizohifadhiwa katika mtungi wenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Siku nyingi hazipiti darasani. Hupita zizini, joshoni na machinjioni, ndani ya buti za mpira.

Je, mwili wa msichana unaweza? Wengi huuliza hivyo. Ukweli ni kwamba hakuna mwanamume anayemshinda fahali kwa nguvu. Ng’ombe hushikwa kwa kamba, kwa kibanio na kwa utulivu, na hayo hufundishika.

Si daktari, lakini si mtu mdogo

Tusichanganye mambo. Daktari wa mifugo husoma chuo kikuu, kama vile Sokoine kilichopo Morogoro, kwa miaka mitano. Mhitimu wa stashahada ni mtaalamu msaidizi. Kwa Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003, huyu naye hutakiwa kuorodheshwa na Baraza la Veterinari na kufanya kazi chini ya uangalizi wa daktari.

Hata hivyo, historia inamheshimu mtu wa ngazi hii. Wazee wetu waliijua sotoka, iliyofyeka ng’ombe wa Afrika Mashariki miaka ya 1890. Mwaka 2011 dunia ilitangaziwa kwamba ugonjwa huo umetokomezwa, wa pili kutokomezwa baada ya ndui. Chanjo iliyovumilia joto ilisaidia sana, lakini mahali pengi palipokuwa mbali na barabara ilifikishwa na wasaidizi na wafugaji waliofundishwa, si na madaktari peke yao. Hapo jirani, Serengeti, nyumbu waliopungua kwa sotoka waliongezeka hadi kupita milioni moja baada ya ng’ombe kuchanjwa.

Na tuje kwenye kuku, benki ya mama. Mdondo hauna tiba, nao ukiingia kijijini huacha vibanda vitupu. Chanjo yake ni tone moja jichoni, likirudiwa kila miezi mitatu au minne. Binti aliyesoma anaweza kuwapanga akina mama wa kijiji wachanje siku moja, kila mmoja achangie kidogo. Hapo amepata kazi, nao wamepata mayai na ada za watoto.

Kabla ya kulipa ada

Mzazi, usitoe shilingi kabla ya kujua mambo haya. Je, chuo kimesajiliwa na NACTVET, na jina lake limo katika kitabu cha mwongozo wa udahili cha mwaka huo? Ada ni kiasi gani kwa miaka yote, pamoja na chakula, malazi, mazoezi ya vitendo, koti na buti? Je, chuo kina mifugo ya kujifunzia, au ni madarasa tu? Na mabweni ya wasichana yakoje?

Tusidanganyane pia kuhusu ajira. Nafasi za serikali hazimtoshi kila mhitimu. Binti ajiandae mapema kwa njia nyingine: duka la pembejeo za mifugo linalofuata sheria, huduma ya chanjo, uhimilishaji, au ufugaji wake mwenyewe.

Sasa turudi kwenye hesabu ya baba. Ng’ombe wa mahari akipatwa na ndigana kali, hufa kama ng’ombe mwingine yeyote. Ujuzi wa binti haufi kwa kupe, na popote atakapoolewa ataenda nao. Nao wazazi wake watakuwa na mtu wa kumwita usiku ndama anapohema vibaya. Akina mama, lileteni jambo hili barazani bila ugomvi, mkiwa na majina ya vyuo na hesabu ya ada mkononi, na binti mwenyewe awepo aseme analolitaka.