Miamala Inapofungiana Njia (Makala ya Pili)

Katika makala iliyotangulia tulieleza namna hifadhidata inavyoulinda muamala mmoja usivurugwe na mwenziwe, kwa kuutia kufuli kila mstari unaobadilishwa mpaka muamala ule utimie au ubatilishwe. Leo twaitazama hatari iliyomo ndani ya ulinzi huo huo, nayo ni mkwamo ambamo miamala miwili, kila mmoja ukiwa umelishika kufuli alitakalo mwenziwe, hungojeana bila ya kikomo.

Na tuchukue mfano wa benki ambayo wateja wake hupelekeana fedha kwa njia ya tovuti, na ambayo seva yake huendesha nyuzi nyingi kwa wakati mmoja, kila ombi likapewa uzi wake. Asha ampelekea Bakari shilingi elfu kumi, na papo hapo Bakari ampelekea Asha elfu tano. Uzi wa kwanza umekwisha kuifunga akaunti ya Asha na sasa wataka ya Bakari. Uzi wa pili umeifunga ya Bakari nao wataka ya Asha. Kila uzi, ukitazamwa peke yake, umetenda lililo sawa, na kwa hiyo mtengenezaji aijaribuye kazi yake akiwa peke yake aghalabu haoni kasoro yoyote, mpaka siku ya mishahara watu wanapoingia kwa wingi.

Mwaka 1971 Coffman, Elphick na Shoshani walibainisha masharti manne ambayo hayana budi kukutana yote ndipo mkwamo uwezekane: kwamba kitu hakishikwi na wawili kwa pamoja, kwamba aliyekishika huendelea kukishika huku akingojea kingine, kwamba hanyang'anywi, na kwamba kungojeana huko kunazunguka duara. Sharti la kwanza hatuthubutu kuligusa, kwani ndilo liilindalo fedha ya Asha. La tatu hifadhidata yenyewe hulivunja: PostgreSQL, isipobadilishwa mpango wake wa asili, huanza kulichunguza duara baada ya muamala kungoja sekunde 1, ilhali InnoDB ya MySQL hulitafuta mara tu kungoja kunapoanza, na likionekana, muamala mmoja hubatilishwa ili mwingine upite. Programu iliyobatilishiwa muamala wake imewajibika kuuanza upya tangu kusoma salio, wala si kurudia amri ile ya mwisho tu, maana salio lililosomwa kwanza huenda si kweli tena.

Hata hivyo dawa iliyo bora ni kulivunja sharti la nne, na njia yake aliieleza Havender wa IBM mwaka 1968: vitu vyote vipangwe kwa taratibu moja, na kila avitakaye avishike kwa taratibu hiyo. Akaunti yenye namba ndogo ifungwe kwanza, mwenyewe awe ndiye apelekaye au apelekewaye; hapo duara haliwezi kufungika, kwa kuwa hakuna aliyeshika namba kubwa akawa anaingojea ndogo. Kanuni hii ni nyepesi kuitamka na ni nzito kuidumisha, kwani programu moja tu ya usiku, iliyoandikwa na mtu wa idara nyingine asiye na habari nayo, yatosha kuitangua.

Lakini uko mkwamo mwingine, nami nauona kuwa mbaya zaidi, kwa sababu hifadhidata haiujui kabisa. Tovuti nyingi huweka akiba ya miunganisho, tuseme 10, na uzi huazima mmoja kisha huurudisha. Ikiwa katikati ya muamala uzi huita sehemu nyingine ya programu, mathalan ile iandikayo kumbukumbu za ukaguzi, nayo ikaomba muunganisho wa pili, basi nyuzi 10 zikifika pamoja kila mmoja utashika wake na kungojea mwingine ambao haupo. Hifadhidata huona miunganisho 10 iliyotulia, wala haioni duara lolote, kwa kuwa kungojea kwenyewe kumo ndani ya seva ya tovuti. Kuongeza miunganisho hadi 15 hakuondoi maradhi haya bali huyaahirisha mpaka wateja waongezeke. Kuyaondoa hasa ni kuufanya uzi utumie muunganisho mmoja kwa ombi zima, au, ikilazimu miwili, uichukue yote kwa pamoja kabla ya kuanza, na hivyo sharti la pili likavunjika.

Katika makala ijayo, Inshallah, tutaeleza namna faharasa inapokosekana muamala unavyofunga mistari ambayo haukuwa na haja nayo.