Ua la Uani na Saratani ya Taya

Leo tuzungumze juu ya mmea ambao huenda unao hapo mlangoni pako. Ni ua dogo, la rangi ya waridi au jeupe, lenye petali tano na majani yanayong'aa, na halijali jua kali. Wataalamu huliita Catharanthus roseus. Asili yake ni kisiwa cha Madagaska, lakini sasa limeenea katika nchi nyingi za joto, na hapa kwetu utaliona Mombasa, Kisumu na kwingineko.

Majani ya ua hili hutoa dawa mbili za saratani, vinblastini na vinkristini. Hii ya pili ndiyo inayotuhusu zaidi sisi walezi. Hutumika kwa watoto wenye saratani ya damu, saratani ya figo, na saratani ya Burkitt, ambayo nchini Kenya huonekana zaidi upande wa magharibi na Pwani, kwenye malaria nyingi. Jina hilo ni la Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Mulago, Kampala, na kuueleza ugonjwa huu mwaka 1958.

Dawa yenyewe ilipatikana kwa njia ya ajabu. Huko Jamaica watu walikuwa wakinywa chai ya majani haya kutibu ugonjwa wa sukari. Mwaka 1952 majani hayo yalifika Kanada, na Dkt. Robert Noble akawapa panya maji yake. Sukari haikushuka hata kidogo. Kilichoshuka ni chembe nyeupe za damu. Yeye na mwenzake Charles Beer wakaanza kutafuta ni kitu gani kilichomo, wakapata vinblastini. Vinkristini ikafuata, na Marekani ikaruhusu itumike mwaka 1963.

Sasa, inafanyaje kazi? Mwili umeundwa kwa seli, vitu vidogo visivyoonekana kwa macho. Seli moja hugawanyika ikawa mbili, na kabla ya kugawanyika husokota nyuzi nyembamba za kuvuta urithi wake, nusu huku na nusu kule. Umewahi kuona kamba ya mkonge ikisokotwa? Vinkristini hushika vipande vya uzi kabla havijasokotwa. Kamba haipatikani, mgawanyo unakwama katikati. Seli iliyokwama hivyo hatimaye hupokea amri ya kujiua. Hujikunja, hujikata vipande vidogo, na seli jirani huvimeza.

Usishangae kusikia seli ikijiua. Mtoto wako alipokuwa tumboni, vidole vyake vilianza vikiwa vimeungana kwa ngozi, na seli za katikati zikafa kwa utaratibu huu huu ndipo vikaachana. Ubaya wa seli ya saratani ni kwamba imeziba masikio, haisikii amri hiyo. Dawa huilazimisha.

Na kwa kuwa saratani ya Burkitt hugawanyika upesi mno, uvimbe ukiweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili, dawa hii pamoja na wenzake huikamata vizuri. Taya lililovimba laweza kuanza kunywea siku chache tu baada ya dozi ya kwanza. Hapa ndipo penye hatari, mama. Mzazi anaona uvimbe umeisha, nauli imeisha, watoto wengine wako peke yao nyumbani, naye anamchukua mtoto na kuondoka. Seli zilizobaki hazionekani, lakini zipo, na ugonjwa ukirudi huwa mgumu zaidi kutibu. Maliza dozi zote. Kuhusu gharama, waone maafisa wa huduma za jamii hospitalini tangu siku ya kwanza, na uhakikishe mmesajiliwa na SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024.

Basi mtu atauliza, kama dawa imo katika ua langu, kwa nini nisichemshe majani nikampa mtoto? La, usithubutu. Kiwandani huhitajika mamia ya kilo za majani makavu ili kupata gramu moja ya dawa. Ndani ya majani hayo mna kemikali nyingine zaidi ya mia moja, baadhi zikiwa sumu. Kikombe chako hakiwezi kupima. Hata hospitalini vinkristini hupimwa kwa uangalifu kulingana na mwili wa mtoto, kisha hupitishwa kwenye mshipa wa damu peke yake. Anayekuuzia chupa sokoni akidai ni kitu kile kile anakupotezea siku ambazo mtoto wako hana.

Dawa hii pia haina macho ya kuchagua. Mtoto anaweza kunyonyoka nywele, nazo huota tena. Anaweza kufunga choo, kuhisi ganzi vidoleni au kuburuta miguu, kwa sababu mishipa ya fahamu nayo hutumia nyuzi kama zile. Mweleze muuguzi mapema, usingoje kliniki ijayo. Akipata homa akiwa katika matibabu, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Mtazame mtoto wako, hasa wa kati ya miaka 4 na 9. Taya kuvimba upande mmoja, meno kulegea kabla ya wakati wake, jicho kutokeza nje, au tumbo kuvimba upesi: asiishie kung'olewa jino tu. Omba barua ya rufaa. Ugonjwa huu hauambukizi, kwa hiyo ale na kulala na ndugu zake kama kawaida.

Juma lijalo tutazungumza juu ya chakula cha mtoto aliye katika matibabu haya. Kwaheri kwa sasa.