Sanaa Yenye Kuzindua Jamii: Milango Ipo, Wenye Kazi Waingie

Kila mwaka, hapa nchini na katika nchi jirani, hutolewa matangazo ya kuwaalika watunzi, waimbaji, wachoraji na watengenezaji wa filamu kupeleka kazi zao mbele ya majaji. Kila mwaka pia matangazo hayo husomwa na watu wachache wa mjini, na muda wa kupokea kazi hupita ilhali madaftari yaliyojaa mashairi na hadithi yangali ndani ya makasha huko Makunduchi, Nungwi, Konde na Mtambwe. Jambo hili limetushughulisha kwa muda mrefu, na leo tunapenda kulizungumza kwa uwazi mbele ya wananchi wenzetu na mbele ya viongozi waliokabidhiwa dhamana ya utamaduni.

Tunaposema sanaa yenye kuijali jamii hatuna maana ya hotuba iliyotiwa vina, wala ya mchezo wa kuigiza ambao kila mhusika wake ni kipaza sauti cha wizara fulani. Tuna maana ya kazi iliyotungwa kwa ufundi, inayomtazama binadamu katika hali yake halisi, na kumfanya msomaji au mtazamaji aondoke na swali ambalo hakuja nalo. Hotuba husahauliwa pindi viti vinapokusanywa. Wimbo mzuri huimbwa jikoni na baharini hata baada ya miaka hamsini.

Visiwa vyetu si wageni katika jambo hili. Siti binti Saad, mtoto wa Fumba aliyetoka katika ufukara, alirikodi nyimbo zake Bombay mwaka 1928, na sauti yake ikavuka mipaka ya pwani yote ya Afrika Mashariki. Nyimbo zake hazikuwa za mapenzi peke yake. Ule wimbo wa Kijiti ulisimulia kuuawa kwa mwanamke mgeni aliyekuja kisiwani, jinsi muuaji alivyotoroka ng'ambo, na jinsi mkono wa sheria ulivyowaangukia wanawake waliokuwa pamoja na marehemu. Watu waliokuwa hawana gazeti wala wakili walilipata shauri hilo katika wimbo, wakalijadili mabarazani. Siti alifariki mwaka 1950, lakini mambo aliyoyauliza kuhusu haki ya mnyonge hayajafariki.

Tutazame na mfano wa pili, ambao unahusu hasa jambo tunalolizungumza. Mnamo miaka ya 1957 na 1958 Idara ya Vitabu ya Afrika Mashariki iliendesha shindano la uandishi wa hadithi za Kiswahili. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi aliyekuwa mkaguzi katika idara ya afya kabla ya kuingia katika uandishi wa magazeti, alipeleka mswada wake, na mswada huo ukashinda. Ndio uliokuja kuchapishwa mwaka 1960 kwa jina la Mzimu wa Watu wa Kale, na ndio uliomleta Bwana Msa mbele ya wasomaji. Leo wanafunzi wa fasihi hukitaja kitabu hicho kila wanapoeleza mwanzo wa riwaya ya upelelezi katika Kiswahili. Natujiulize: lau tangazo la shindano lile lisingemfikia mtu yule, au lau angelisoma akajiambia kwamba mambo kama hayo ni ya wenye shahada kubwa, je, tungekuwa na Bwana Msa?

Waliofuata hawakutupa jembe. Adam Shafi alitupa Kasri ya Mwinyi Fuad mwaka 1978 na Kuli mwaka 1979, riwaya inayokumbusha mgomo wa wafanyakazi wa bandarini wa mwaka 1948. Riwaya yake nyingine, Vuta N'kuvute, ilifanywa filamu na Amil Shivji, na mwaka 2021 filamu hiyo ikaoneshwa katika tamasha la kimataifa la Toronto, huko Kanada. Said Ahmed Mohamed, mwana wa Pemba, aliandika juu ya wanyonge na wanyonyaji katika Dunia Mti Mkavu. Hakuna hata mmoja kati ya hawa aliyeandika ili kupamba sherehe. Waliandika kwa sababu waliona jambo na hawakuweza kulinyamazia.

Basi nafasi zilizopo leo ni zipi? Ya kwanza ni Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Washindi wake wa mwanzo walitunzwa mwezi wa Aprili 2023. Uzuri wa tuzo hii hauko katika fedha peke yake, ingawa shilingi milioni kumi alizoahidiwa mshindi wa kwanza si kitu cha kudharauliwa. Uko katika ahadi ya kuichapisha miswada iliyoshinda. Ya pili ni ile tuzo ya fasihi ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, na ambayo sasa inajulikana kwa jina la Safal. Katika tuzo hiyo wana wa visiwa wamejipatia heshima: Mohammed Khelef Ghassany alishinda kwa diwani yake N'na Kwetu, na baadaye Zainab Alwi Baharoon akashinda kwa riwaya ya Mungu Hakopeshwi.

Kwa upande wa filamu na muziki, hatuna haja hata ya kuvuka bahari. Tamasha la Kimataifa la Filamu la Zanzibar, lililoanza mwishoni mwa miaka ya 1990, hualika filamu fupi na ndefu, za kubuni na za maisha halisi, na mshindi wake hutunukiwa Jahazi la Dhahabu. Tamasha la Sauti za Busara hupokea maombi ya wanamuziki wanaopiga na kuimba papo hapo mbele ya watu, na limeileta Afrika nzima Ngome Kongwe tangu mwaka 2004. Hata hivyo tusisahau kwamba mwaka 2016 tamasha hilo halikufanyika kwa kukosa fedha, likarejea mwaka 2017. Mlango unaotegemea mkoba wa mfadhili mmoja au wawili waweza kufungwa ghafla, na msanii akabaki nje na ngoma yake begani.

Mada za kutungia hazikosekani. Tangu mwaka 1989 kina mama wa pwani ya mashariki ya Unguja wamekuwa wakilima mwani, wakasomesha watoto na kujenga nyumba kwa jasho hilo. Leo maji ya bahari yamezidi joto, mwani unaoza kabla ya kuvunwa, na mkulima hulazimika kuufuata kwenye kina kirefu ambako wengi wao hawajui kuogelea. Yapo mashamba yaliyoingiliwa na maji ya chumvi. Upo udhalilishaji wa wanawake na watoto, ambao mara nyingi humalizwa kwa suluhu ya kifamilia huku mtoto akibaki na jeraha lake. Zipo dawa za kulevya zinazokausha vijana. Ipo na fukwe, ambayo mvuvi huipitia kwa kuomba njia baina ya ukuta wa hoteli na ukuta wa hoteli nyingine. Takwimu za mambo haya zipo katika ripoti, na ripoti zimo makabatini. Anayeweza kuzitoa humo zikamfikia mtu wa kawaida ni mshairi, mwigizaji na mchoraji.

Sasa tuseme lile ambalo pengine halitawapendeza wote. Baadhi ya mialiko inayotolewa kwa jina la sanaa ya jamii haiombi sanaa, inaomba sifa. Mtunzi hupewa kichwa cha habari, hupewa na hitimisho lake, akaachiwa kazi ya kutia vina tu. Kazi ya namna hiyo haimdhuru mtu, wala haimfai mtu. Kiongozi anayetaka kweli kujua kwa nini wananchi wa mahali fulani hawapeleki kesi za udhalilishaji mahakamani, atajifunza zaidi kutoka katika mchezo mmoja wa kuigiza uliotungwa kwa uhuru kuliko kutoka katika nyimbo ishirini za kumpongeza. Mwanya uliotajwa na mtunzi huzibika mapema, lakini uliofichwa na msifuji huja kuonekana siku ya mvua kubwa. Wahenga walikwisha sema: usipoziba ufa utajenga ukuta.

Hatusemi kwamba msanii asiwe na mipaka. Adabu ya visiwa vyetu ni urithi, na Baraza la Sanaa, Sensa, Filamu na Utamaduni lina wajibu wake kwa mujibu wa sheria. Tunachokiomba ni kwamba mipaka hiyo iandikwe na ijulikane kabla, na kwamba kazi inapokataliwa, mwenyewe aelezwe sababu kwa maandishi na kwa wakati. Mtu aliyekataliwa kwa sababu inayoeleweka hurudi na kazi bora zaidi. Aliyekataliwa kwa kimya huacha kutunga.

Lipo pia tatizo la njia. Mialiko mingi siku hizi hutangazwa kwenye intaneti na kutaka mswada uliopigwa chapa na kutumwa kwa njia hiyohiyo. Haya ni mepesi kwa kijana wa mjini, lakini ni mlima kwa mzee wa Tumbatu au wa Kojani anayetunga kwa kichwa na kuandika kwa kalamu ya wino. Na hao ndio mara nyingi wenye hazina. Haji Gora Haji, aliyezaliwa Tumbatu mwaka 1933, alikuwa mvuvi na baharia ambaye chuo cha Kurani ndicho kilichokuwa skuli yake. Diwani yake Kimbunga ilichapishwa mwaka 1994, akiwa amekwisha pita umri wa miaka sitini. Alifariki mwaka 2021 akiwa ni mmoja wa washairi wanaoheshimiwa mno katika Kiswahili. Kwa kila Haji Gora mmoja aliyefikiwa na wachapaji, wapo wengine waliozikwa pamoja na mashairi yao.

Kwa hiyo tunapendekeza haya. Matangazo ya tuzo na matamasha yasomwe redioni na yabandikwe katika ofisi za masheha, Unguja na Pemba. Maofisa utamaduni wa wilaya wapewe jukumu la kupokea kazi zilizoandikwa kwa mkono, wazipigishe chapa na kuzipeleka panapohusika. Kazi zilizoshinda zisiishie katika picha ya kukabidhiana hundi. Zisomwe maskulini, ziigizwe vijijini, na nakala zake ziwekwe katika maktaba zetu. Na Serikali itenge fungu, hata likiwa dogo, ambalo halitategemea ufadhili wa nje.

Nanyi wasanii mna wajibu wenu. Someni masharti ya shindano tangu mwanzo hadi mwisho kabla ya kutia saini, hasa sharti linaloeleza haki ya kazi itakuwa ya nani baada ya kuipeleka. Hapa Zanzibar ipo Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2003, na ipo ofisi ya kusimamia haki hizo, itumieni. Wekeni nakala nyumbani. Mpeni mtu mwengine aisome kazi kabla ya majaji, tena mtu atakayewaambieni kweli. Tafiteni jambo mnalolitungia: anayetunga juu ya mwani na ashuke pwani maji yanapotoka, aulize bei ya kilo na aisikilize migongo ya wanaouinamia. Msipeleke kazi iliyopikwa usiku wa kuamkia siku ya mwisho. Na mkikosa mwaka huu, pelekeni tena mwakani.

Tuzo haimfanyi mtu kuwa msanii, wala kuikosa hakumwondolei usanii wake. Lakini tuzo ni daraja baina ya daftari na jamii, na kwa jamii ndogo kama yetu, ambayo habari zake aghalabu husimuliwa na wageni, daraja hilo lina thamani kubwa. Tunawaomba viongozi wetu walitunze, na tunawaomba wasanii wetu walivuke. Kasha lililofungwa muda mrefu huingia mchwa. Na alifungue leo mwenye nalo.