Video ya Shamba Imfikie Bwana Shamba Ikiwa Safi

Wakulima wa kahawa wa Kapsokwony siku hizi waweza kumwonyesha Bwana Shamba miti yao kwa video ya simu. Lakini video ikiwa na ukungu, hataweza kupambanua kama tunda limeunguzwa na jua au lina chulebuni. Ugonjwa huu ulionekana magharibi ya Kenya mwaka 1922, nao hupenda mahali pa juu penye baridi na mvua, kama kwetu. Dawa ikichelewa, matunda huoza mtini.

Basi fanyeni hivi:

Kwanza, chagueni kipimo cha 1080p. Kile cha 4K kina nukta mara 4. Hujaza simu upesi, tena ni kizito kutuma.

Pili, chagueni namna ya kubana picha. H.264, ya mwaka 2003, hufunguka karibu katika kila simu. H.265, ya mwaka 2013, hutumia kama nusu ya nafasi, lakini simu nyingine za zamani haziifungui. Kama hamwijui simu ya Bwana Shamba, tumieni H.264.

Tatu, wapigao picha baharini husumbuliwa na mawimbi na unyevu. Sisi twasumbuliwa na upepo na ukungu wa Mlima Elgon. Futeni kioo, shikeni tawi litulie, pigeni nusu dakika.

Mkituma kwa WhatsApp, itumeni kama hati, isibanwe tena. Wala msiifute ile ya asili kabla ya kupata jibu.