Kofi la Bure, Kisasi cha Kulipia

Malaba, kaunti ya Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, saa nane mchana, na foleni ya malori haijasogea. Utingo mmoja amejilaza kivulini chini ya trela, simu ameisimamisha wima juu ya gurudumu la akiba. Kwenye kioo, mama mkwe mwenye lulu shingoni anammwagia msichana wa jikoni supu, kisha anamzaba kofi mbele ya wageni. Msichana anainua uso polepole na kufungua kinywa aseme yeye ni nani hasa. Papo hapo picha inaganda na kufuli linatokea: lipa sarafu. Utingo anaguna, anafungua ujumbe wa salio.

Tamthilia hizi fupi za kutazamwa wima zilianzia China, na sasa nyingine hupigwa Marekani kwa programu kama ReelShort na DramaBox. Kipande kimoja ni dakika 1 au 2, hadithi nzima ina vipande 60 hadi 100, na aghalabu vipande kama 10 vya mwanzo havilipiwi. Vya bure ndivyo vya dhuluma. Humo mnyonge hutukanwa, hupigwa na hufukuzwa mvuani. Anayetaka kuona mdhalimu akipiga magoti lazima avuke kufuli.

Tupige hesabu. Chukua hadithi ya vipande 80, kila kimoja dakika 1 na nusu. Jumla ni dakika 120. Tukikadiria megabaiti 8 kwa dakika, ni megabaiti 960, karibu gigabaiti 1. Bando ya kiasi hicho kwa saa 24 imekuwa ikiuzwa Sh99. Sheria ya Fedha ya Kenya ya 2023 ilishusha ushuru wa intaneti kutoka asilimia 20 hadi 15. Weka VAT ya asilimia 16 juu yake, na karibu Sh25 katika hizo Sh99 ni kodi. Wakazi wa mpakani wenye laini mbili watauliza kama upande wa pili kuna nafuu. Uganda hutoza data ushuru wa asilimia 12 na VAT ya asilimia 18, kwa hivyo kodi hula kama shilingi 24 katika kila 100. Tofauti ni kama shilingi moja tu.

Lakini bando ni sehemu ndogo ya gharama. Kufungua hadithi moja mpaka mwisho kwa sarafu mara nyingi hugharimu dola 10 hadi 20. Dola ikiwa Sh129, hiyo ni Sh1,290 hadi Sh2,580. Mwendesha bodaboda, tuseme akitoza Sh50 kwa safari ya mjini, atahitaji safari 26 hadi 52, kabla hajatoa pesa ya petroli, ili amwone mama mkwe yule akiomba msamaha. Kwenye kibanda cha video, kwa kiingilio cha Sh20, Sh2,580 zingemwingiza mara 129. Humo sauti ya DJ Afro, msimulizi wa filamu, humsindikiza staring, yaani shujaa wa filamu, kutoka kipigo cha kwanza hadi ushindi, na hakuna anayezima picha staring akiwa bado chini.

Hela zinazokusanywa hivi si haba. Mwaka 2024 soko la tamthilia hizi nchini China lilikadiriwa kuwa yuani bilioni 50.4, likiyapita mapato ya majumba yote ya sinema ya nchi hiyo, yuani bilioni 42.5. Kwa shilingi zetu soko hilo ni takriban bilioni 900, zaidi ya mara mbili ya Sh387.4 bilioni ambazo kaunti zetu zote 47 ziligawiwa mwaka wa fedha wa 2024/25. Utengenezaji wenyewe ni wa bei nafuu: hadithi nzima hupigwa Marekani kwa siku 7 hadi 10, mara nyingi kwa chini ya dola 300,000. Sehemu kubwa ya mapato hurudi kulipia matangazo, na tangazo linalonasa watu ni lile la kofi.

Mimi pia nazitazama, na sioni sababu ya kumcheka anayezipenda. Mama aliyewahi kufokewa sokoni mbele ya wateja wake anajua kwamba aibu ya hadharani hutaka kufutwa hadharani, na maishani kufutwa huko hutokea kwa nadra. Hata hivyo, nikimwona bawabu wa tamthilia hizi akivua koti na kugeuka bilionea, humkumbuka bawabu mwingine. Papa Shirandula wa Citizen TV, aliyeigizwa na marehemu Charles Bukeko, ambaye alizikwa kaunti hii ya Busia Julai 2020, alimficha mkewe kwamba kazi yake ni ubawabu. Hakuwa na utajiri wowote wa kufichua. Tulimpenda hivyo hivyo kwa miaka, na hatukudaiwa hata sarafu moja kufikia mwisho wa kipindi.

Jambo moja la mwisho, kwa sababu ndilo linaloumiza zaidi. Kadi ya M-Pesa GlobalPay, iliyozinduliwa 2022, inamwezesha hata asiye na akaunti ya benki kulipa kwa dola, na baadhi ya programu hizi huuza kifurushi cha wiki cha hadi dola 20 kinachojilipia upya kila wiki. Kwa wiki 4 hiyo ni Sh10,320. Kufuta programu kwenye simu hakusitishi malipo hayo. Ingia Google Play, fungua sehemu ya usajili, uyasitishe huko, leo.