Kutembea Tena Baada ya Kiharusi

Mwalimu wa darasa na aandike ubaoni maneno mawili ya leo: KIHARUSI na MKONGOJO.

Kiharusi hutokea mshipa wa damu ubongoni unapoziba au kupasuka, na sehemu ya ubongo ikafa. Ubongo wa kushoto hutawala mkono na mguu wa kulia, na ule wa kulia hutawala wa kushoto. Ndiyo maana mgonjwa hupooza upande mmoja. Basi fahamuni hivi: mguu wenyewe haukuvunjika. Kilichopotea ni amri itokayo ubongoni. Sehemu zilizo nzima zaweza kufundishwa kuitoa amri hiyo, nazo hujifunza kama ninyi mlivyojifunza kuandika herufi, yaani kwa kurudia mara nyingi sana.

Majumbani mwetu mgonjwa hubebwa kila aendako. Mnampenda, najua. Lakini mguu usiotumiwa huzidi kulegea, na miezi 3 ya kwanza, ambayo ndiyo yenye faida kubwa, hupita kitandani. Daktari akisharuhusu, mgonjwa aanze kwa kuinuka kitini na kuketi tena, nyayo zote mbili zikiwa chini. Halafu asimame ameshika meza, auelemee mguu dhaifu kidogo kidogo. Katika hospitali kubwa, kama KCMC kule Moshi, wako wataalamu wa mazoezi ya viungo. Waulizeni kabla hamjarudi nyumbani.

Sasa mkongojo. Wengi huushika upande wa mguu dhaifu. Sivyo! Ushikwe kwa mkono mzima. Mtu akisimama wima, mikono ikining'inia, kichwa cha mkongojo kifike penye kiwiko cha kiganja, pale mtu avaapo saa. Mkongojo hutangulia, hufuata mguu dhaifu, mwisho mguu mzima. Kwenye ngazi, kupanda huanza mguu mzima; kushuka huanza mguu dhaifu pamoja na mkongojo.

Na wewe unayemsaidia, simama upande uliopooza, nyuma kidogo, umshike kiunoni kwa mkanda au kanga iliyofungwa imara. Usimvute mkono uliopooza hata siku moja, maana bega limelegea na laweza kuteguka. Nalo likiuma, hatataka mazoezi tena.

Akiona kizunguzungu au maumivu ya kifua, aketi, na daktari aambiwe. Mdomo ukienda upande ghafla, au maneno yakikwama, mpelekeni hospitali saa ile ile, hata kama ni usiku wa manane.